Mwana Kupona na Kitanda cha Mgonjwa

Mwanafunzi wa Gazi husikia mapema habari za Mbaruk bin Rashid, Mazrui aliyepinga utawala wa Zanzibar, kisha wa Waingereza, hata akavuka mpaka mwaka 1896. Kaskazini, kwenye kisiwa cha Pate, Bwana Mataka wa Siu alikwisha kuupinga utawala huo wa Zanzibar kabla yake. Alifariki mwaka 1856. Leo mjane wake, Mwana Kupona binti Msham, anajulikana kumliko.

Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, bibi huyo alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Humo alimfunza kumtunza mume nyumbani: kumkanda mwili, kumpepea, kutomwamsha asinziapo. Alifariki yapata mwaka 1860.

Wengi huona humo utiifu wa mke tu. Hoja hiyo ina uzito, kwani mume hakuagizwa kumkanda mkewe. Hata hivyo, mafunzo yale ndiyo uuguzi wenyewe, na maradhi hayachagui. Mke akipatwa na uvimbe wa ubongo, nani atampepea? Walimu, utendi huu na wafunzwe wavulana pia.