Louis Leakey, mutu aliyepotewa na shimo lake

Mufuko wa koltani usio na etikete, nani ataapa umetoka katika shimo gani? Louis Leakey, mutafutaji wa mifupa ya watu wa zamani, aliingia katika shida ya namna hiyo, na karibu imumalize.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 Kabete, karibu na Nairobi, mutoto wa wamisionere Waingereza. Alikomaa pamoja na watoto Wakikuyu, akasema luga yao sawa wao wenyewe, kisha akasoma Cambridge. Mwaka 1932, kule Kanam, pembeni ya ziwa Victoria, mufanyakazi wake Juma Gitau alitoa katika udongo kipande cha taya. Leakey akatangaza ni ya mutu sawa sisi, tena wa zamani sana. Mahali pale akapigilia vyuma. Mwaka 1935 mwalimu Boswell akatoka Uingereza kuja kuhakikisha: vyuma hakuna, wavuvi walikwisha kuvichukua. Na picha ya shimo, kumbe ni ya mahali pengine! Boswell akaandika yote, jina la Leakey likachafuka miaka mingi.

Njo akakazana na Olduvai, Tanzania ya leo, pamoja na bibi yake Mary. Tarehe 17 Julai 1959 Leakey alibaki kambini na homa. Mary ndiye aliona fuvu lenye meno makubwa ajabu. (Sifa nyingi zilienda kwa bwana. Naona si haki.) Mwaka uliofuata, mutoto wao Jonathan akapata hapo karibu taya ya namna ingine, meno madogo.

Safari hii majivu ya volkano yalikuwa shahidi. Sisi wa Nyiragongo tunayajua majivu, lakini ndani yake kuna potasiumu, na sehemu yake inageuka polepole kuwa gazi ya argoni. Ukipima ile gazi, unahesabu miaka. Mwaka 1961 wataalamu wa Marekani walipata karibu 1.750.000.

Aina mbili, tabaka moja! Wengi walifikiri aina moja inaondoka, ingine inashika nafasi, sawa ngazi. Kumbe ni muti: shina linagawanyika, matawi mawili yanaishi wakati mumoja, pembeni ya ziwa moja. Wa meno makubwa uzao wao uliisha. Wale wengine, Leakey na wenzake waliwaita Homo habilis mwaka 1964, wakisema ni wa ukoo wetu. Si wataalamu wote walikubali.

Leakey alikufa London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru, Kenya. Taya ya Kanam ingali bila umri unaokubaliwa na wote.