Joginder Singh: Fundi wa Kericho aliyenunua gari la mtumba na kuishangaza Safari Rally

WASAFIRI wengi wanaoteremka kutoka Kericho kuelekea Sondu, na kutoka hapo kwenda Kisumu au Kisii, hupita katikati ya mashamba ya majani chai bila kujua kwamba katika mji huo wa mlimani ndipo alipozaliwa dereva wa kwanza kuibuka bingwa wa Safari Rally mara tatu.

Dereva huyo ni Joginder Singh Bhachu, ambaye mashabiki wa Afrika Mashariki walimpa jina la Simba wa Kenya. Alizaliwa Februari 9, 1932, na kufariki jijini London Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Alishinda mbio hizo mwaka 1965, 1974 na 1976. Katika Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19, rekodi ambayo katika mashindano yanayosifika kwa kuvunja magari ni ya ajabu kuliko hata hayo mataji matatu.

Hata hivyo, kisa kinachofaa kukumbukwa zaidi katika maisha yake ni kile cha gari kuukuu. Siku hizi magari ya michezo ya zamani yaliyokarabatiwa huuzwa Ulaya na Marekani kwa bei inayozidi mara nyingi ile ya gari jipya, na wanunuzi hushindana kwa minada. Joginder alilijua soko la magari yaliyotumika kabla halijawa anasa ya matajiri. Alinunua lililokuwa limeshindwa, akalitengeneza, akalipa heshima ambayo kiwanda chenyewe kilikuwa kimeikosa.

Mtoto wa gereji

Baba yake, Battan Singh, alikuwa mmoja wa mafundi wa jamii ya Sikh waliotoka Punjab na kufanya makao Kenya. Jamii hiyo, ambayo Wakenya wengi huiita Kalasinga, iliingia nchini kwa wingi wakati wa ujenzi wa reli kutoka Mombasa, iliyofika ufuoni mwa Ziwa Victoria, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwaka 1901. Reli ilipokamilika, wengi wao walibaki wakiishi kwa kazi ya mikono yao: useremala, uhunzi, ujenzi na, magari yalipoanza kuenea, umakanika.

Kericho ilikuwa mahali pazuri kwa fundi. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai zilifungua mashamba huko, na mashamba yalihitaji malori, matrekta na mitambo. Barabara zilikuwa za udongo, na mvua katika nyanda hizo hunyesha karibu mwaka mzima. Gari lililotoka Kericho, lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, lilikuwa na safari ya kuteremka hadi kwenye tambarare za ziwa zilizo karibu na mita 1,130. Mteremko wa namna hiyo huchosha breki. Kupanda kurudi huchemsha rejeta. Utelezi wa udongo mwekundu wa milimani humtaka dereva awe na mkono mwepesi. Na udongo mweusi wa tambarare za Kano hunasa magurudumu kama gundi.

Katika mazingira hayo Joginder alijifunza kushika spana kabla ya kujifunza mashindano. Baadaye alifanya kazi katika Chama cha Magari cha Afrika Mashariki, akiwa mtu wake wa kwanza wa doria ya kuwasaidia madereva waliokwama njiani. Kazi hiyo ilikuwa shule. Kila siku aliona ni kitu gani hukatika kwanza katika gari linalopita njia mbovu, ni kwa nini hukatika, na ni kwa namna gani laweza kufungwa upya bila karakana wala vipuri.

Alipoanza mashindano mwishoni mwa miaka ya 1950, umri wake ulikuwa umekaribia miaka 30. Wenzake wengi walikuwa madereva waliojua kidogo kuhusu injini. Yeye alikuwa fundi aliyejua kuendesha, na tofauti hiyo ndiyo iliyomtambulisha maisha yake yote.

Mbio za walowezi

Safari ilianzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Iliwapitisha washindani katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, usiku na mchana, katika barabara za kawaida ambazo hazikufungwa kwa ajili yao. Kwa miaka mingi ilikuwa burudani ya walowezi na wafanyabiashara Wazungu, na karibu mabingwa wake wote hadi mwaka 1964 walitoka miongoni mwao.

Mbio hizo zilikuwa kali mno. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Viwanda vya Ulaya vilituma timu kamili na madereva mashuhuri, lakini hadi mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda akiwa na Ford Escort, hakuna dereva aliyetoka ng'ambo aliyewahi kulichukua taji. Wenyeji waliijua nchi, na kuijua nchi kulikuwa na thamani kuliko nguvu za farasi.

Miongoni mwa waliojaribu mwaka 1964 ilikuwa timu ya kiwanda cha Volvo cha Sweden, iliyomleta Tom Trana, bingwa wa Ulaya wa wakati huo. Timu hiyo haikufua dafu. Kulirudisha gari la mashindano lililochakaa hadi Sweden ni gharama, na ndivyo Volvo PV544 moja iliyokuwa imetumiwa na timu hiyo ilivyobaki ikitafuta mnunuzi Afrika Mashariki.

Ushindi wa mtumba

Joginder na mdogo wake, Jaswant Singh, ndio walioingia nalo katika Safari ya mwaka 1965. Mtazamaji wa kawaida asingelipa gari hilo nafasi. Umbo la PV544 lilitokana na PV444, mfano uliooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944, na kiwanda kilikuwa kinajiandaa kuacha kuitengeneza mwaka huo huo wa 1965. Lilikuwa gari la muundo wa zamani, lililokwisha kupigwa na Safari moja, mikononi mwa ndugu wawili wasio na kiwanda nyuma yao.

Lakini jicho la fundi huona tofauti na jicho la mtazamaji. Gari lenye bodi nene na muundo usio na mambo mengi lina sehemu chache za kuharibika. Kasoro zilizojitokeza katika mbio zilizotangulia hazikuwa siri tena. Zilikuwa orodha ya kazi ya kufanya. Gari jipya huficha udhaifu wake hadi siku ya mashindano, ilhali lililokwisha kuvunjika huuonyesha mapema kwa anayejua kutazama.

Ndugu hao walianza wakiwa na nambari moja, yaani mbele ya magari yote, na wakamaliza wakiwa wa kwanza. Waliwaacha wapinzani wao kwa zaidi ya saa moja na nusu. Kiwanda kilichoshindwa kwa gharama kubwa mwaka uliotangulia kilijikuta kikisifiwa duniani kwa sababu ya gari ambalo hakikulihitaji tena.

Ushindi huo ulikuja mwaka mmoja na miezi michache baada ya uhuru wa Kenya, wakati swali la nafasi ya Waasia katika taifa jipya lilikuwa likiulizwa sokoni, bungeni na maofisini. Joginder akawa dereva wa kwanza mwenye asili ya Asia kushinda Safari, na umati uliojipanga kando ya barabara ulimpokea kama mtu wa kwao.

Swali hilo halikwisha kwa mbio za magari. Sheria za mwaka 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana Waasia wasiokuwa na uraia wa Kenya, na maelfu yao waliondoka kwenda Uingereza, ambayo nayo ilipitisha sheria mwaka 1968 ya kuwawekea vizuizi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda. Miongoni mwa waliohamia Kenya alikuwemo Shekhar Mehta, ambaye mwaka uliofuata alishinda Safari na baadaye kufikisha mataji matano. Katika miaka hiyo ya kufungasha mizigo, Joginder aliendelea kupeperusha bendera ya Kenya mashindanoni, nyumbani na ng'ambo. Jina la Simba wa Kenya halikutolewa na ofisi yoyote ya serikali. Lilitolewa kwa Kiswahili na watu waliosimama vumbini kumtazama akipita.

Kidogo chamshinda kikubwa

Ushindi wa pili uliwashangaza hata waliomjua. Mwaka 1974, baada ya mzozo wa mafuta uliosababisha baadhi ya mashindano ya Ulaya kufutwa, Porsche ilileta Kenya magari ya 911 Carrera yenye injini ya karibu lita 2.7, mojawapo likiendeshwa na Björn Waldegård wa Sweden. Joginder, akiwa na msoma ramani wake David Doig, alikuwa katika Mitsubishi Colt Lancer yenye injini ya lita 1.6.

Waldegård aliongoza, lakini gari lake likapata hitilafu katika sehemu zinazobeba magurudumu, na muda ukampotea. Lancer ikampita na kushinda. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na ulilijenga jina la Lancer katika kanda hii kwa miaka mingi iliyofuata. Mwaka 1976 Joginder na Doig walirudia, safari hiyo Lancer zikichukua nafasi tatu za kwanza, Robin Ulyate akiwa wa pili na Andrew Cowan wa tatu.

Siri yake haikuwa kasi. Alilitunza gari. Alijua pa kukanyaga mafuta na pa kuachia, akasikiliza mlio wa giaboksi na kuhesabu breki zilizobaki. Aliacha mashindano ya Safari baada ya mwaka 1980.

Bei ya historia

Miaka iliyofuata ilibadili thamani ya magari ya enzi yake. Yaliyokuwa vyuma chakavu yakawa mali. Mwaka 2003 yalianzishwa mashindano ya East African Safari Classic kwa ajili ya magari ya kale, na Waldegård, aliyepokonywa ushindi na Joginder mwaka 1974, aliyashinda mwaka 2007 akiwa na Ford Escort na mwaka 2011 akiwa na Porsche 911. Karakana za Ulaya, kama ile ya Tuthill nchini Uingereza, huunda upya magari ya Porsche kwa ajili ya mbio hizo. Jijini Nairobi, maonyesho ya Concours d'Elegance yamekuwa yakiwavuta wenye magari ya zamani tangu mwaka 1970.

Katika biashara hiyo, rangi inayong'aa ni jambo dogo. Mnunuzi makini huuliza kama nambari ya chesisi na ya injini zinalingana na kumbukumbu za kiwanda, kama hati za umiliki zimefuatana bila kukatika, na kama bodi ni ile ya awali au imeundwa upya. Gari lililoshiriki mashindano makubwa hupanda bei, na kwa sababu hiyo wapo wanaotengeneza nakala na kuiuza kama asili. Picha za zamani, vibao vya mashindano na kumbukumbu za matengenezo huwa ushahidi wenye thamani sawa na injini. Mmiliki aliyetupa karatasi ametupa sehemu ya gari.

Hapo ndipo pana uchungu. Magari mengi yaliyoitikisa Safari yalimalizikia vichakani, yakakatwa kuwa vipuri au kuuzwa kwa bei ya chuma na watu ambao hawakuambiwa wanauza nini. Faida ya historia hiyo leo huvunwa zaidi na wenye mitaji ya mbali kuliko na vijana wa gereji za Kisumu, Sondu na Kericho, ambao kila siku hufufua magari ya mtumba kwa ujuzi ule ule aliouanza mtoto wa Battan Singh. Vijana hao wana ufundi. Wanachokosa ni kumbukumbu zilizohifadhiwa na soko linalouthamini ufundi huo.

Miaka minne baada ya kifo chake, Julai 2017, serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi. Mashabiki wa mbio za magari walikuwa wamekwisha kutoa uamuzi wao tangu mwaka 1965, Volvo kuukuu ilipoingia Nairobi ikiwa ya kwanza, imejaa matope, na ndugu wawili wa Kericho wakiwa ndani yake.