Raman na Rangi ya Maji

Safari hii tunakuletea maisha ya mtu ambaye hakuwa padre, wala hakuwa Mkristo, ila ngazi ya kwanza ya elimu yake aliipanda katika shule ya Kikatoliki. Chandrasekhara Venkata Raman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 huko Tiruchirappalli, kusini mwa India, katika familia ya Kihindu. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia. Alipohamia mji wa bandari wa Visakhapatnam kufundisha, mwanawe aliingia shule ya Mtakatifu Aloisi, na akiwa na miaka 11 tu alifaulu mtihani wa kumaliza sekondari. Shahada ya kwanza aliipata Madras mwaka 1904, ya uzamili mwaka 1907.

Siku hizo, chini ya Waingereza, Mhindi mwenye kipaji cha sayansi alikuwa na milango michache sana ya kubisha. Raman akafanya mtihani wa idara ya fedha ya serikali, akaoa, akapelekwa Calcutta kuwa mhasibu. Huko akakuta jengo la chama cha kukuza sayansi, kilichoanzishwa mwaka 1876, likiwa halina watafiti wengi. Kwa miaka mingi alikuwa akiingia humo kabla ya saa za ofisi, na kurudi tena jioni baada ya kazi. Alichunguza sauti za fidla na za ngoma za Kihindi, hasa jinsi ngozi ya ngoma inavyotetemeka. Mwaka 1917 Chuo Kikuu cha Calcutta kilimpa uprofesa kwa mshahara mdogo kuliko ule wa serikali. Akaukubali. Tunadhani hapo ndipo maisha yake yalipoamuliwa, maana alikuwa tayari na mke na cheo cha kuonewa wivu.

Mwaka 1921 alisafiri kwa meli kwenda Uingereza, na njiani akashangazwa na ubuluu wa bahari ya Mediterania. Mwanasayansi mkubwa wa Uingereza, Rayleigh, alikuwa ameeleza kwamba bahari inaakisi tu rangi ya anga. Nasi tukisimama kwenye matuta ya Ugweno tukalitazama Ziwa Jipe kule chini, ni rahisi kuamini hivyo hivyo. Raman hakuridhika. Alikuwa na prizimu ndogo ya kuzuia mwanga unaoakisiwa, akatazama bahari kupitia hiyo, na ubuluu ukabaki pale pale. Maji yenyewe yalikuwa yakiutawanya mwanga. Leo tunajua pia kwamba maji humeza sehemu nyekundu ya mwanga kutokana na mitetemo ya molekuli zake, jambo ambalo Raman hakulipa uzito wake.

Aliporudi Calcutta alianza na wanafunzi wake kupitisha mwanga katika vimiminika vya kila aina. Mmoja wao, Venkateswaran, aliona kwamba gliserini iliyosafishwa vizuri ilitoa mwanga wa kijani badala ya buluu. K. S. Krishnan ndiye aliyeshika kazi ya kila siku. Waliutia mwanga wa jua rangi ya zambarau kwa kioo cha kuchuja, wakaupitisha katika kimiminika, kisha wakatazama kwa kioo kingine ambacho zambarau haiwezi kupita. Palipopaswa kuwa giza, paliwaka mwanga hafifu. Walijaribu vimiminika kama 60, na matokeo yakawa hayo hayo. Tarehe 28 Februari 1928, wakitumia chombo cha kuchambua rangi, waliona wazi kwamba sehemu ndogo sana ya mwanga hutoka ikiwa na rangi nyingine, kwa sababu imeiachia molekuli sehemu ya nguvu zake ili itetemeke.

Wazee wahunzi wa Ugweno, ambao chuma chao kilinunuliwa hadi Uchagani, wangeelewa haraka. Mhunzi husoma joto la chuma kwa rangi yake. Raman alipata njia ya kusoma mitetemo ya molekuli kwa rangi ya mwanga unaotoka kwao.

Turuke miaka mingi mbele tuone kazi hiyo inafanya nini. Urea, ile mbolea nyeupe ya mahindi, huyeyuka kwenye nyuzijoto 133. Kolini kloridi, inayoongezwa katika chakula cha kuku, huhitaji zaidi ya 300. Mwaka 2003 wakemia wa Chuo Kikuu cha Leicester walitangaza kwamba ukichanganya molekuli mbili za urea na moja ya kolini kloridi, unapata kimiminika kisichoganda mpaka nyuzi 12. Kwa nini? Kloridi huivuta hidrojeni ya urea bila kuing'oa, na mvuto huo huitwa kifungo cha hidrojeni. Urea inaacha kushikana na wenzake kwa utaratibu wa fuwele ngumu. Kifungo hicho hakionekani kwa macho, ila hidrojeni iliyoshikwa pande mbili hutetemeka polepole zaidi, na mwanga wa Raman huonyesha badiliko hilo. Gliserini nayo ni mwenza mzuri wa kolini kloridi.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1930 alipewa Raman peke yake, Mwasia wa kwanza kuipata katika sayansi. Alimtaja Krishnan katika maandiko yake, lakini urafiki wao ukapoa, na sisi tunaona Krishnan alistahili heshima kubwa zaidi. Raman hakuwa mtu mpole. Huko Bangalore, alikokwenda mwaka 1933 kuwa Mhindi wa kwanza kuiongoza taasisi kuu ya sayansi, aligombana na wenzake mpaka akaacha uongozi mwaka 1937. Mwaka 1948 alijenga taasisi yake mwenyewe, akafanya kazi humo kati ya maua na mawe ya thamani aliyoyapenda kwa sababu ya rangi zake.

Alifariki humo humo tarehe 21 Novemba 1970. Alikuwa ameomba asijengewe mnara. Mwili wake ulichomwa bustanini kwa desturi ya kwao, na mahali pale pakapandwa mti.