Lucy Wills, munganga aliyetafuta dawa ya damu kwa wamama wa Bombay

Wamama wenye mimba wanaokwenda CPN wanajua kidonge cha madini ya chuma na asidi foliki. Asidi foliki ni vitamini ya kundi B, na aliyefungua njia ya kuijua ni munganga Mwingereza, Lucy Wills.

Alizaliwa tarehe 10 Mei 1888 karibu na muji wa Birmingham. Kwanza alisomea mimea na mawe huko Cambridge. Vita vya 1914 vilimkuta Afrika Kusini, akasaidia kama muuguzi Cape Town, kisha akarudi London kusomea uganga. Alimaliza mwaka wa 1920.

Mwaka wa 1928 alikwenda Bombay, inchini India. Wamama waliofanya kazi katika viwanda vya nguo walikuwa wanakosa damu sana wakiwa na mimba, na wengine walikufa. Chembe zao nyekundu zilikuwa chache, tena kubwa kupita kiasi. Wills kwanza alitafuta kama ni mikrobe, hakupata. Ndipo akaangalia sahani zao. Waliokuwa maskini zaidi, wasiopata matunda, mboga wala nyama ya kutosha, ndio walioumia zaidi.

Alijaribu kwa panya, akawalisha chakula kama cha wale wamama. Walikosa damu kweli, lakini ikagunduliwa kwamba chawa wao walibeba ugonjwa wa damu. Kazi hiyo ikaharibika, akaanza tena kwa kima. Kima mmoja aliyekuwa hoi alipewa Marmite, kitu cheusi, kizito, chenye chumvi, ambacho Waingereza wanapaka kwenye mkate. Hutengenezwa kwa chachu inayobaki kwenye viwanda vya bia. Kima akapona. Wills akawapa wagonjwa wake, nao damu yao ikarudi. Mwaka wa 1931 aliandika matokeo hayo. Kwa watu maskini jambo kubwa lilikuwa bei: chachu ilikuwa rahisi kuliko dawa za ini zilizotumiwa wakati ule.

Kilichokuwa ndani ya chachu hakikujulikana. Kiliitwa tu kwa jina lake, hadi mwaka wa 1941 wataalamu wa Marekani walipokitoa kwenye mboga ya spinachi na kukipa jina kutokana na neno la Kilatini la jani. Mwaka wa 1945 kikaweza kutengenezwa kiwandani.

Wills hakuolewa. Alipanda baiskeli kwenda kazini London wakati wenzake walikwenda kwa gari. Alifariki Aprili 1964, akiwa na miaka 75. Yaliyofuata hakuyaona.

Mwaka wa 1969, munganga Mmarekani Kilmer McCully aliandika juu ya homosisteini. Mwili unaitengeneza wakati unapotumia protini za nyama, samaki na mayai. Asidi foliki, pamoja na vitamini B12 na B6, ndizo zinazoiondoa. Zikipunguka, homosisteini inapanda katika damu, na waliyo nayo nyingi hupatwa zaidi na magonjwa ya moyo na ya mishipa ya ubongo. Lakini tusidanganyane: watu wengi walipopewa vitamini hizo, homosisteini ilishuka, ila magonjwa ya moyo hayakupungua jinsi ilivyotazamiwa. Tena, anayekosa B12 akitumia asidi foliki peke yake, damu inaweza kupona huku mishipa ya fahamu ikizidi kuharibika. Ndiyo sababu munganga anapaswa kujua ni vitamini gani inayokosekana.

Faida iliyo wazi zaidi ilionekana kwa watoto. Mwaka wa 1991, utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza ulihusu wamama waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kilema cha uti wa mgongo au ubongo. Waliotumia asidi foliki tangu kabla ya kushika mimba, hatari ya kilema hicho kurudi ilipungua kwa karibu asilimia 72. Sehemu hiyo ya mtoto hufunga ndani ya siku 28 za kwanza, mara nyingi mama akiwa bado hajajua kwamba ana mimba.