Michelangelo, fundi aliyepanda mlima mwenyewe kutafuta jiwe

Sisi kwetu mambo ya kuchonga masanamu hatuna, lakini marumaru tunaijua, nyumba ngapi zimetandikwa? Mimi nikiiona nyeupe humkumbuka Michelangelo, yule Mtaliana aliyezaliwa 1475, kwa namna alivyokuwa mgumu wa kuchagua jiwe.

Mama aliyemnyonyesha, pale Settignano karibu na Florence, mumewe alikuwa mkata mawe. Basi nyundo na tindo si vitu vigeni kwake tangu mdogo.

Wengine wakiagiza jiwe, wakaletewa. Yeye hapana. Mwaka 1497 alikwenda mwenyewe machimbo ya Carrara kutafuta jiwe la Pietà, na 1505, alipopewa kazi ya kaburi la Papa Julius wa Pili, akakaa huko miezi minane na ushei. Jiwe, wachongaji huligonga wakasikiliza, kama tunavyogonga tikiti sokoni: likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti butu lina ufa. Hulimwagia na maji, kwani ufa huonekana zaidi jiwe likirowa.

Lakini mshipa wa ndani kabisa hauna dawa. Kiasi ya 1514 alianza sanamu ya Kristo kwa ajili ya Roma. Kazi imeshafika mbali, ukazuka mshipa mweusi usoni! Akaiacha, akaanza nyengine kwa jiwe jipya.

Ajabu ni kwamba kazi iliyompa jina, Daudi, jiwe lake hakulichagua. Lilikuwa pande la zaidi ya mita 5, wenzake wamelianza wakalishindwa, limelala uani mwa kanisa kuu la Florence miaka karibu arubaini, mvua yake jua lake. Alilimaliza 1504.

Kilichomuuma zaidi, naona mimi, ni amri ya Papa Leo wa Kumi: aache Carrara, akachimbe upande wa Seravezza, kwenye ardhi ya Florence. Huko hata njia hakuna, ikabidi ichongwe kwanza. Mwaka 1519 wakiteremsha nguzo, pete ya chuma ikakatika kwa ubovu wa chuma chenyewe, nguzo ikavunjika vipande vipande na watu wakaponea chupuchupu. Mwaka wa pili yake mkataba ukafutwa. Miaka yote ile, na ile sura ya kanisa la San Lorenzo haijajengwa mpaka leo.

Alifariki Roma, Februari 1564, ana miaka 88. Siku chache kabla yake alikuwa bado amesimama mbele ya jiwe, anachonga.