Bob Marley: kidonda kilichodhaniwa cha mpira kilikuwa kansa ya ngozi

Bob Marley, mwanamuziki wa rege kutoka Jamaika, alifariki tarehe 11 mwezi wa tano 1981 hospitalini Miami, Marekani, akiwa na umri wa miaka 36. Wengi barani Afrika wanazijua nyimbo zake, lakini ni wachache wanaojua kwamba aliuawa na kansa ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha.

Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 mwezi wa pili 1945 katika kijiji cha Nine Mile. Alikulia Trench Town, mtaa wa maskini mjini Kingston, ambako alianzisha kundi la Wailers pamoja na Peter Tosh na Bunny Wailer. Mpira wa miguu aliupenda karibu sawa na muziki.

Mwaka wa 1977, mwaka ilipotoka albamu yake Exodus, aliumia kidole gumba cha mguu wa kuume akicheza mpira. Kidonda kikakataa kupona. Madaktari wakakata kipande kidogo cha nyama ya kidole ili kichunguzwe maabara. Kipande cha namna hiyo hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba sana na kutiwa rangi, kisha mtaalamu huangalia chembe zake kwa mikroskopi. Jibu likawa melanoma.

Aina aliyokuwa nayo hutokea kwenye viganja, nyayo na chini ya kucha. Haitokani hasa na jua, na ndiyo melanoma inayoonekana zaidi kwa watu weusi.

Alishauriwa kidole kikatwe, akakataa. Sababu inayotajwa zaidi ni imani yake ya Kirasta, inayotaka mwili ubaki mzima. Alikubali tu kuondolewa ukucha na nyama ya chini yake, pakabandikwa ngozi ya paja. Akarudi jukwaani, na mwezi wa nne 1980 aliimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe.

Mwezi wa tisa mwaka huo alianguka akifanya mazoezi ya kukimbia New York. Kansa ilikuwa imefika kwenye ubongo. Siku mbili baadaye aliimba Pittsburgh kwa mara ya mwisho. Miezi ya matibabu nchini Ujerumani haikumponya, na safari ya kurudi Jamaika ikaishia Miami.

Doa jeusi linalopanuka chini ya ukucha au kwenye unyayo, ao kidonda kisichopona, lisichukuliwe kuwa jeraha tu. Kipande kidogo cha nyama kinaweza kutoa jibu, mradi kichukuliwe mapema na jibu lifuatwe.