Woo Jang-choon: Dakta wa Mbegu Aliyelipa Deni la Babake

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kusimuliwa habari za masultani, mashujaa wa vita na malenga. Leo nataka niwasimulie habari za mtu aliyeishi akiwa ameinamia maua ya haradali na kabichi. Huyo ni Dakta Woo Jang-choon, ambaye Wajapani walimwita U Nagaharu. Huko Korea Kusini anajulikana na wakubwa kwa wadogo. Kwetu jina lake ni geni, ingawa mboga alizozichunguza zimo vyunguni mwetu kila jioni.

Kisa chake chaanza na damu. Mwaka 1895 malkia wa Korea, Myeongseong, aliuawa ndani ya jumba lake la kifalme. Waliopanga njama hiyo walikuwa Wajapani, lakini walisaidiwa na Wakorea, na mmoja wao alikuwa mkuu wa kikosi cha askari, jina lake Woo Beom-seon. Mambo yalipomgeukia akakimbilia Japani, akaoa mwanamke wa Kijapani, Sakai Naka, na mwaka 1898 wakapata mwana mjini Tokyo. Mwana huyo ndiye ninayemsimulia.

Kisasi hakioti kutu. Mwaka 1903, huko Kure katika jimbo la Hiroshima, Mkorea mmoja alimfuata Woo Beom-seon na kumuua. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 5 tu. Mamake, mjane asiye na kitu, ilimbidi kwa muda amweke mwanawe katika makao ya mayatima yaliyokuwa chini ya hekalu la Kibudha. Baadaye akamchukua tena, akamlea kwa jasho lake. Basi fikiri, msomaji, hali ya kijana huyo. Kwa Wakorea alikuwa mwana wa msaliti, na sisi sote twajua watu wasemavyo, kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa Wajapani, walioitawala Korea kimabavu tangu 1910 hadi 1945, alikuwa mwana wa Mkorea, damu ya watawaliwa.

Alisoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akamaliza mwaka 1919, kisha akaajiriwa katika kituo cha serikali cha majaribio ya kilimo. Alikaa miaka mingi katika cheo cha chini. Alipooa mwanamke wa Kijapani, wazee wa mke hawakuridhia. Katika daftari za serikali ya Japani aliandikwa kwa jina la ukoo mwingine, Sunaga. Lakini kila alipotoa maandishi ya elimu, alitia sahihi kwa jina la ukoo wa babake: U. Hakulificha jina lililomletea matusi.

Jina hilo ndilo lililobaki duniani. Mwaka 1935 alitoa makala marefu ambayo mpaka leo hakuna mtaalamu wa mboga na mbegu za mafuta asiyeyajua, na ndani yake mlikuwa na kile kinachoitwa Pembetatu ya U. Wengi hudhani hiyo U ni herufi tu, kumbe ni jina la ukoo wa mtu aliyeuawa uhamishoni.

Niieleze pembetatu hiyo kwa lugha ya jikoni. Kila mmea hubeba urithi wake katika nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu. Katika chembe ya uzazi, kabichi ya Kichina ina nyuzi 10. Haradali nyeusi ina 8. Kabichi yetu ya kawaida, ambayo ni ndugu wa damu wa sukuma wiki na koliflawa, ina 9. Kisha kuna mimea mingine mitatu: haradali ya Kihindi yenye nyuzi 18, kanola itoayo mafuta yenye 19, na haradali ya Uhabeshi yenye 17. Hii ya mwisho ndiyo ile mboga ambayo ndugu zetu wa magharibi ya Kenya huiita kanzira.

Sasa jumlisha. Kumi na nane ni 10 na 8. Kumi na tisa ni 10 na 9. Kumi na saba ni 8 na 9. Wajapani wenzake, hasa Morinaga Toshitaro, walikuwa wameshahesabu nyuzi hizo na kuitambua njia. Woo alikwenda mbele zaidi. Alichukua chavua ya mmea wa kundi la kabichi ya Kichina na wa kundi la kabichi ya kawaida, akaiozesha mimea hiyo kwa mkono wake, akapata kanola iliyozaliwa mbele ya macho yake. Mimea mitatu iliyodhaniwa kuwa na asili ya peke yake ilikuwa watoto wa ndoa za kale. Kabla ya hapo wanazuoni walizoea kueleza kwamba aina mpya ya kiumbe huzaliwa kwa kutengana. Yeye alionyesha kuwa aina mpya huweza kuzaliwa kwa kuungana.

Sisi watu wa pwani, ambao nasaba zetu zina bara na bahari ndani yake, jambo hilo halitushangazi sana. Lakini lilipata kuthibitishwa na mtu ambaye mwenyewe alikuwa wa damu mbili, na pande zote mbili zilimkataa.

Na faida yake ni nini? Wataalamu wa leo huchora ramani za urithi. Huchukua mimea miwili yenye tabia tofauti, mmoja unaostahimili ugonjwa na mwingine usioustahimili, wakaiozesha, kisha wakawakagua wajukuu mmoja mmoja na kutazama tabia ipi yasafiri pamoja na alama ipi ya urithi. Vinavyosafiri pamoja mara nyingi hukaa jirani katika uzi mmoja. Hivyo wakajua jeni ya tabia hiyo ipo mahali gani. Bila nasaba ya Woo, mchora ramani wa kanola angepotea, kwani kila jambo angelikuta mara mbili. Akiijua, hutambua nyuzi 10 zilizotoka upande mmoja na 9 zilizotoka upande wa pili, na tabia aliyoikosa kwa mtoto huenda kuitafuta kwa wazazi. Urithi wote wa kabichi ya Kichina ulisomwa na kuchapishwa mwaka 2011, na wa kanola mwaka 2014. Hesabu ya mwaka 1935 ikaonekana ni sahihi.

Lakini sikumchagua kwa hesabu peke yake. Korea ilipopata uhuru mwaka 1945, ilijikuta haina mbegu za mboga, kwani zilikuwa zikitoka Japani. Wakorea wakamwomba mwana wa msaliti aje awasaidie. Mwezi wa Machi 1950 akavuka bahari, akawaacha Japani mamake mzee, mkewe na watoto. Inasimuliwa kwamba fedha alizopewa kwa ajili ya matunzo ya jamaa yake alizitumia kununulia mbegu na vifaa.

Miezi mitatu baadaye vita vikazuka. Kituo chake kilikuwa karibu na Busan, mji uliojaa wakimbizi, naye akaendelea kuzalisha mbegu za kabichi na figili, ambazo Mkorea hawezi kula bila hizo, na mbegu za viazi zisizo na maradhi. Alizoea kutembea na viatu vya mpira vya bei rahisi kama mkulima yeyote. Watu husema kwamba ndiye aliyebuni tikiti lisilo na kokwa. Si kweli, hilo ni la Mjapani Kihara Hitoshi, na Woo alilipanda ili kuwaonyesha wakulima kile elimu iwezacho kufanya.

Mwaka 1953 mamake alifariki. Serikali ikamnyima ruhusa ya kwenda kuzika. Fedha za rambirambi alizoletewa akachimbia kisima kituoni, mahali palipokuwa na shida ya maji, na kisima hicho kikapewa jina lenye maana ya maziwa ya mama. Wallahi sijui sadaka iliyo nzuri kuliko hiyo.

Hakuiona tena Japani. Siku chache kabla ya kufa, akiwa kitandani hospitalini, serikali ilimpa nishani ya heshima. Alifariki tarehe 10 Agosti 1959, mwenye umri wa miaka 61, akazikwa Suwon, katika ardhi ambayo babake aliikimbia. Mimi naona deni lile halikuwa lake, kwani hakuna abebaye mzigo wa mwingine. Alilipa hata hivyo, kwa kabichi, kwa figili na kwa viazi, mpaka wadai wenyewe wakatosheka.